Kusanifu Fonti ya Nakshi za Wachapaji: Masuala ya Kiufundi na ya Umiliki kwa Mtazamo wa Rubavu, Rwanda

Ikisiri

Nakshi za wachapaji ni vipande vidogo vya mapambo vilivyosubiwa kwa risasi kama herufi na kupangwa pamoja nazo ili kupamba kurasa. Makala hii inaeleza namna nakshi za aina hiyo zinavyoweza kusanifiwa upya kuwa fonti ya kidijitali kwa kutumia michoro ya kijadi ya Rwanda. Rubavu imechukuliwa kuwa mahali pa kazi hiyo kwa sababu ya shule ya sanaa iliyoko huko na ujirani wake na Goma. Hoja kuu ni kwamba kuchora ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito umo katika kuamua kipande kipi kiwe kipimo cha kurudiwa, kipewe msimbo gani ndani ya kompyuta, na nani aandikwe kuwa chimbuko lake. Maamuzi hayo yakikosewa, fonti yenye sura nzuri huweza kuharibu matini inayoyapamba na kuwanyima haki wenye michoro.

1. Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, lugha hiyo haikusubiri sheria. Mji huo umepakana ana kwa ana na Goma, na mpaka kati yao umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mipaka yenye wapitaji wengi zaidi barani Afrika. Wengi wa wapitaji hao ni wanawake wachuuzi wanaovuka kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za biashara yao.

Mahali pa namna hiyo huhitaji uchapaji mdogomdogo kwa wingi: vyeti vya mafunzo, kadi za harusi, vijitabu vya vyama vya ushirika, ratiba za ibada, kalenda. Kazi hizi zote hupambwa. Cheti kisicho na fremu huonekana hakijakamilika, na mwenye harusi hakubali kadi kavu. Hata hivyo, pambo linalopatikana kwa urahisi ndani ya programu za kompyuta ni jani au ua la Ulaya. Michoro ya Rwanda, ikitumiwa, huingizwa kama picha iliyonakiliwa kutoka intaneti, na picha hiyo ikikuzwa hutoa kingo zenye ukungu. Fonti ingeondoa ukungu huo, kwa kuwa umbo lililomo ndani ya fonti ni mstari wa kihisabati unaobaki mkali kwa saizi yoyote.

Rubavu si mahali pageni kwa kazi ya kuunganisha sanaa na maandishi. Misheni ya Nyundo, iliyo kilometa chache kutoka Gisenyi, ilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1952 ilikuwa makao ya Aloys Bigirumwami, askofu wa kwanza Mwafrika katika maeneo yaliyotawaliwa na Ubelgiji, mtu aliyekusanya methali na mila za Wanyarwanda na kuanzisha jarida la watoto la Hobe mwaka 1954. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 ndipo shule ya sanaa ya Nyundo ilipoanza. Kwa hiyo swali la nani ana uwezo wa kuchora halina uzito mkubwa hapa. Swali zito ni namna mchoro unavyogeuzwa kuwa chapa.

2. Ua la mchapaji lilivyofanya kazi

Katika matbaa za kale, kitabu kiliweza kupambwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuchonga ubao wa mti kwa kila pambo, kazi ya gharama ambayo matunda yake yalitumika katika kitabu kimoja au viwili. Njia ya pili ilikuwa kusubu mapambo madogo kwa risasi, kila moja likiwa na kimo kilekile cha herufi, kisha kuyapanga mstari kwa mstari. Wachapaji wa Ulaya waliyaita maua. Ua moja pekee halikuwa na thamani kubwa. Thamani yake ilionekana liliporudiwa mara arobaini kuwa fremu.

Bingwa wa maua hayo katika karne ya 16 alikuwa Mfaransa Robert Granjon. Michoro yake ya majani yaliyosokotana ilifuata mtindo ulioitwa arabeski, na jina lenyewe linakiri chimbuko: ni nakshi za ulimwengu wa Kiislamu, zilizofika Ulaya kupitia ngozi za majalada, mazulia na vyombo vya madini. Katika miaka ya 1580, akiwa Roma, Granjon huyohuyo alichonga herufi za Kiarabu kwa ajili ya uchapaji. Yafaa jambo hili likumbukwe Afrika Mashariki, ambako milango ya Zanzibar na misahafu iliyoandikwa Siyu ina nakshi za ukoo huohuo. Kinachoitwa leo pambo la Kizungu ni mgeni aliyehamia Ulaya, akapewa jina jipya, na waliomchora kwanza hawakutajwa. Suala hilo litarejewa katika sehemu ya mwisho.

Kulikuwa na siri moja ya kiufundi ambayo wasanifu wa leo huisahau. Kipande cha risasi chenye umbo la mraba kingeweza kugeuzwa kwa vidole. Mchapaji aliyekuwa na kona moja alikuwa na kona zote nne. Kompyuta haina vidole: kila mwelekeo wa kipande ni umbo linalojitegemea, na lazima lichorwe, lipewe jina na liwekwe mahali pake ndani ya fonti.

3. Kipimo cha kurudiwa

Mchoro wa Rwanda unaofikiriwa kwanza na wengi ni imigongo. Neno hilo halihitaji tafsiri kwa msemaji wa Kiswahili: ni migongo, yaani matuta yanayoinuka juu ya ubao au ukuta. Wanawake wa Gisaka, mashariki mwa nchi, waliyafinyanga kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, wakayaacha yakauke, wakayasugua na kuyapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Masimulizi huihusisha sanaa hiyo na Kakira, mwana wa Kimenyi wa Gisaka. Baada ya mwaka 1994 iliinuliwa tena na vikundi vya wanawake wa eneo la Nyarubuye, katika wilaya ya sasa ya Kirehe.

Hapa pana tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya jiografia: Kirehe iko upande wa Tanzania, na Rubavu iko upande wa Kongo. Msanifu wa Gisenyi anayechukua imigongo anakopa kutoka mwisho mwingine wa nchi, na mkopo huo unapaswa kuandikwa. Ya pili ni ya umbo. Imigongo husanifiwa kwa ukuta au ubao mzima. Macho hupaswa kuuona wote kwa pamoja, mzunguko wa katikati ukitawanyika hadi kingo. Kuukata mchoro huo na kuurudia kama fremu ya cheti ni sawa na kurudia silabi moja ya shairi. Nakshi za vikapu vya agaseke na za insika, yaani viambaza vilivyosukwa vya nyumba za kale, ziko karibu zaidi na ua la mchapaji, kwa sababu zenyewe ni mikanda inayorudiwa. Msusi wa kikapu hulazimika kuhakikisha kwamba idadi ya pembe inatimia sawasawa mkanda unapofunga duara. Hesabu hiyo ndiyo ya mpangaji wa fremu.

Mikanda mingi ya namna hiyo huweza kuchanganuliwa hadi kigae kimoja: mraba uliogawanywa kwa mshazari, nusu nyeusi na nusu nyeupe. Mwaka 1704 Sébastien Truchet, mtawa wa Kifaransa aliyeshiriki pia katika kamati iliyobuni herufi za matbaa ya mfalme, alichapisha uchunguzi kuhusu kigae hichohicho na michanganyiko yake. Kigae kina mielekeo minne. Vigae sita vikipangwa mstari mmoja, mipangilio inayowezekana ni nne iliyozidishwa yenyewe mara sita, yaani 4,096. Ukiongeza mraba mweusi mtupu na mraba mweupe, vipande sita tu vinatosha kujenga msumeno, almasi, ngazi na pembe zilizotazamana. Mizunguko ya imigongo haiingii humo. Hiyo yafaa ichorwe ikiwa kamili, kama pambo la peke yake la kufungulia sura ya kitabu, isilazimishwe kuwa mkanda.

4. Rangi ya tatu na unene wa mgongo

Fonti ya kawaida ina rangi moja, lakini imigongo ina tatu. Teknolojia ya OpenType ina jedwali liitwalo COLR linaloruhusu fonti yenye rangi kadhaa, ila kazi nyingi za Gisenyi hutoka katika mashine ya kunakilia yenye wino mweusi peke yake. Ni busara basi kuanza na nyeusi na nyeupe, na kuiwakilisha rangi ya tatu kwa mistari sambamba. Wachongaji wa Ulaya wa karne ya 17 walifanya hivyohivyo walipochapa ngao za kifalme bila rangi, wakawakilisha nyekundu kwa mistari ya wima.

Mgongo wenyewe, ule mwinuko kati ya rangi na rangi, hugeuka kuwa mstari mweupe mwembamba. Unene wake hauchaguliwi kwa jicho pekee. Herufi ya fonti huchorwa ndani ya mraba ambao kwa kawaida hugawanywa katika vizio 1,000. Katika saizi ya pointi 10, mraba huo una milimita 3.53. Mstari wa vizio 40 utakuwa na milimita 0.14. Printa ya nukta 600 kwa inchi ina nukta ya milimita 0.042, hivyo mstari utapata nukta tatu na kidogo, jambo linalovumilika. Kwenye mashine ya nukta 300 utapata chini ya nukta mbili, na wino ukitanuka kwenye karatasi duni mgongo utazibika na pambo zima kuwa doa. Mstari wa vizio 60 huokoa saizi ndogo lakini katika bango la pointi 72 huonekana kama ufa. Suluhisho ni lile la wasubu wa zamani, ambao walichonga kila saizi kivyake: fonti iwe na michoro ya aina mbili, ya saizi ndogo na ya saizi kubwa.

5. Hesabu ya ukurasa

Chukulia kijitabu cha A5, chenye upana wa milimita 148, na pambizo za milimita 20 kila upande. Zinabaki milimita 108, ambazo ni pointi 306. Nakshi ya pointi 18 itaingia mara 17 kamili. Inaonekana vizuri, hadi kona mbili zitolewe na kubaki vipande 15. Mkanda wa pembe zilizotazamana huhitaji vipande viwiliviwili, na 15 haigawanyiki kwa mbili. Mchapaji wa risasi angetafuta kipande maalumu cha katikati au angepunguza upana wa ukurasa. Mwenye fonti ana njia ya tatu: kutumia pointi 17, saizi ambayo visanduku vya risasi havikuwa nayo. Vipande vinakuwa 18, kona zikitolewa vinabaki 16. Kwa wima, mistari 28 ya pointi 17 hutoa pointi 476, sawa na milimita 168 hivi, na kona zikitolewa inabaki mistari 26. Fremu inafunga pande zote.

Ili ifunge, nafasi kati ya mistari lazima iwe sawa na saizi ya nakshi, pointi 17 juu ya pointi 17, na vipande visiwe na nafasi yoyote pembeni. Hata hivyo skrini huweza kuonyesha ufa mwembamba mweupe kati ya vipande viwili vyeusi, kutokana na namna pikseli za kingo zinavyofifishwa. Dawa yake ni kila kipande kizidi mpaka wake kwa vizio vichache na kumlalia jirani.

6. Msimbo

Sehemu hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, na ndiyo inayopewa muda mfupi zaidi na wasanifu. Mwaka 1978 Hermann Zapf alitoa mkusanyo wa alama unaoitwa Zapf Dingbats, ambao baadaye uliingizwa katika printa za leza na kuenea duniani. Wingdings ya Microsoft ilifuata mwaka 1990. Fonti hizi ziliweka alama kwenye nafasi za herufi: aliyebonyeza n katika Wingdings alipata mraba mweusi, na aliyebonyeza J alipata uso unaotabasamu. Ndiyo sababu kwa miaka mingi watu walipokea baruapepe zenye herufi J iliyosimama peke yake mwishoni mwa sentensi. Uso ulikuwa umepotea njiani, herufi ikabaki.

Fonti ya Rubavu ikifuata njia hiyo, cheti kilichosanifiwa Gisenyi na kufunguliwa Goma kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo kitazungukwa na mstari wa aaaaaabbbbbb. Mtafutaji wa maneno atalikuta neno limebandikwa herufi zisizo zake. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA pamoja na sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, atasomewa herufi hizo zisizo na maana kabla ya kufikia jina la mwenye cheti. Maktaba itakayohifadhi faili hilo kwa miaka hamsini itahifadhi takataka pamoja na matini.

Unicode imetoa njia bora. Vigae vinne vya mshazari tayari vina misimbo yake, U+25E2 hadi U+25E5, katika kundi la maumbo ya kijiometri. Almasi nyeusi ni U+25C6. Kwa hiyo uti wa mgongo wa fonti unaweza kusimama juu ya misimbo halali, na fonti ikikosekana msomaji ataona pembetatu za kawaida zilizopangwa kwa mtindo uleule. Majani ya Ulaya nayo yanayo misimbo yake, kama U+2766, na mwaka 2014 liliongezwa kundi zima la mapambo lenye nafasi 48.

Kwa maumbo yasiyo na msimbo, wengi hukimbilia eneo la matumizi binafsi, lenye nafasi 6,400 kuanzia U+E000. Nafasi hizo hazina maana ya pamoja. Fonti ikikosekana huonekana kisanduku kitupu, na fonti nyingine huweza kuonyesha kitu tofauti kabisa. Njia yenye adabu zaidi ni sifa ya OpenType iitwayo ornm, ambayo huyafunga mapambo yote kwenye nukta nene ya orodha, U+2022. Mwandishi huandika nukta, kisha huchagua sura yake. Fonti ikipotea, hubaki nukta, na nukta haimdhuru mtu. Udhaifu wake ni kwamba si kila programu ya ofisi inaitambua sifa hiyo, ingawa programu za kusanifu vitabu zinaitambua.

Hata msimbo halali hautoshi kwa msomaji asiyeona, kwani kusomewa jina la pembetatu nyeusi mara sitini ni adhabu. Katika PDF fremu inapaswa kuwekewa alama ya kuwa si sehemu ya matini, na katika kurasa za wavuti inapaswa kufichwa kwa visoma skrini. Sharti hilo ni jepesi kuandikwa katika miongozo ya machapisho ya serikali na ya vitabu vya kiada, nalo halimgharimu mchapaji zaidi ya dakika chache.

7. Jina na umiliki

Fonti nyingi za manufaa ya umma hutolewa chini ya Leseni Huria ya Fonti ya SIL, toleo la 1.1 la mwaka 2007. Leseni hiyo humruhusu yeyote kutumia fonti, kuibadilisha na kuisambaza, hata kibiashara, mradi isiuzwe peke yake. Kwa duka la kuchapia la Gisenyi, uhuru huo ni neema. Kwa kikundi cha wanawake wa Nyarubuye, uhuru huohuo una maana kwamba mkanda wao unaweza kuonekana kwenye vifungashio vya kahawa katika bara jingine bila wao kutajwa. Hakimiliki ya kawaida haiwasaidii, kwa sababu humlinda aliyechora faili, na aliyechora faili ni msanifu.

Shirika la Kikanda la Afrika la Miliki Bunifu (ARIPO), ambalo Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania ni wanachama, lilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010, ikaanza kutumika mwaka 2015. Itifaki hiyo inazitambua jamii kuwa wenye haki juu ya maarifa na sanaa zao za jadi. Nchi zisizoiridhia hazifungwi nayo, na Kongo si mwanachama wa ARIPO. Faili likivuka mpaka wa Gisenyi na Goma, safari ya dakika tano kwa miguu, linatoka nje ya ulinzi huo.

Kwa sababu hiyo lililo ndani ya uwezo wa msanifu lifanyike ndani ya faili lenyewe. Kila fonti ina jedwali la majina lenye sehemu za maelezo, msanifu, leseni na anwani ya leseni. Sehemu ya maelezo huachwa tupu katika fonti nyingi. Humo ndimo panapofaa kuandikwa kwamba mkanda fulani umetokana na insika, mwingine na agaseke, na kwamba mzunguko wa imigongo umechukuliwa kwa makubaliano na kikundi fulani cha Kirehe, likitajwa jina la kikundi na tarehe ya makubaliano. Maandishi hayo husafiri na fonti popote inaponakiliwa. Makubaliano yaandikwe kwa Kinyarwanda kwanza, yasomwe kwa sauti mbele ya kikundi, na yataje waziwazi mizunguko ambayo wanakikundi hawataki itoke ukutani.

Linabaki jina la kila kipande. Kanuni za fonti huruhusu katika majina hayo herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu, nukta na mstari wa chini, na urefu usiozidi herufi 63. Kinyarwanda na Kiswahili huingia humo bila shida kubwa, tofauti na Kifaransa chenye alama zake. Hakuna sababu ya kiufundi kipande cha kona kuitwa kwa Kiingereza. Jina la mchoro libaki la Kinyarwanda kama wasusi walitamkavyo, na mwelekeo wake utajwe kwa Kiswahili: insika.kona_juu_kushoto, insika.ubavu_kulia, insika.kati. Jedwali la majina ya namna hiyo, likiwa na istilahi za mielekeo zilizokubaliwa, lingeweza kupelekwa mbele ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.